Toyota 86 oto, wiki tatu kati ya Mtwara na Lindi: ile M kwenye gia sio pambo

Nimeamua kuandika hii kwa sababu kila nikimwambia mtu nimekaa na Toyota 86 wiki tatu hapa Mtwara swali linalokuja ni hilo hilo, manyuo au oto, na nikijibu oto naona uso unabadilika kama nimemwambia nimepika pilau bila bizari. Mmoja aliniambia kabisa, dada yangu gari ya spoti ikiwa oto hapo hamna gari, bora ukae na IST yako. IST ninayo kweli, ndiyo inanipeleka kazini kila siku na siidharau, ila huyo ndugu amekosea, na najua amekosea wapi maana hata mimi nilikuwa naamini hivyo hivyo mpaka siku ya nne.

Gari yenyewe ni ya shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa mwisho. Alikuja nayo likizo toka Dar, akaitwa kazini ghafla, akapanda ndege, funguo akaniachia mimi na maagizo mawili tu: isikae imelala, iendeshe, na matuta uyapite taratibu kiupande upande. Ya matuta tutafika. Ni ya mwaka 2014, nyekundu, milango miwili, oto ya gia sita, imetoka Japani kama gari zetu nyingi huku.

Kwa ambao hawaijui niseme haraka haraka. 86 ilianza kuuzwa Japani Aprili 2012, Toyota na Subaru waliifanya pamoja, ya upande wa Subaru inaitwa BRZ, na zote zinaunganishwa kiwandani kwa Subaru. Injini ni boksa, ile ya silinda kulala, inaitwa FA20, cc 1,998, haina tabo, nguvu za farasi 200 ikiwa mizunguko 7,000 kwa dakika. Inasukuma tairi za nyuma. Uzito wake ni kama kilo 1,250, yaani kwa gari ya siku hizi ni nyepesi kwelikweli na unaisikia wepesi wake hata ukiwa unatoka getini. Jina limetoka kwenye Corolla ya zamani ya AE86 iliyotoka 1983, na kuna kitu kinanifurahisha sana kwenye hii injini, upana wa silinda ni milimita 86 na mwendo wa pistoni ni milimita 86 hivyo hivyo.

Sasa tuje kwenye gia ndio habari yenyewe. Leva ina P, R, N na D kama gari yoyote oto, ila ukiwa D unaisogeza pembeni inaingia M. Hapo gari inakukabidhi gia. Unaweza kutumia leva yenyewe au unatumia padoshifti, vile vibawa viwili nyuma ya usukani, cha kulia kina alama ya kujumlisha na cha kushoto ya kutoa, unakivuta kwa vidole viwili bila kuachia usukani. Vimefungwa kwenye usukani wenyewe kwa hiyo ukikata kona vinazunguka na mikono yako, huvitafuti. Na katikati ya geji kubwa ya mizunguko kuna namba ndogo inakwambia uko gia ya ngapi. Klachi hamna. Mguu wa kushoto unapumzika tu.

Siku tatu za kwanza niliendesha D peke yake, Shangani, Ligula, sokoni, kazini na kurudi. D yake ni nzuri jamani, laini, haishtui, watoto walilala nyuma (hao watoto ni wadogo, mtu mzima nyuma hakai, nitasema). Inapenda kukimbilia gia za juu mapema ili isile mafuta, ukiwa 80 barabara imenyooka yenyewe iko gia ya 6 na injini inazunguka kama 1,600 tu, unasikia tairi kuliko injini. Kasoro ya D inaonekana pale unapotaka kitu sasa hivi. Unakanyaga, inafikiri kidogo, inashuka gia moja, inaona haitoshi, inashuka nyingine, ndio inaondoka. Ni muda mfupi sana ukiuhesabu kwa saa, lakini ukiwa umeshatoka kulia kwa barabara na lori la saruji liko kushoto kwako na mbele kuna taa inakuja huo muda ni mrefu.

Siku ya nne ilikuwa Jumamosi, tuna arusi Lindi, na wa kwenda nami alikuwa Baba.

Hapa lazima nieleze kidogo Baba ni nani kwenye mambo ya gari. Ameendesha lori miaka na miaka kwenye hii barabara ya kusini, enzi zile ambazo Daraja la Mkapa halipo, unafika Rufiji unasubiri kivuko pale Ndundu, na masika ikishika barabara inajifunga mnakaa porini siku kadhaa mnakula mlichobeba. Daraja limefunguliwa 2003, yeye alikuwa tayari amezeeka na ile barabara ya udongo. Kwa hiyo Baba ukimwambia gari ya oto anakuheshimu tu kwa sababu ni mtoto wake. Aliingia mle ndani kwa shida, kiti kiko chini sana, magoti juu, nikamshika mkono, akakaa akaangalia dashibodi, akauliza pedali ya tatu iko wapi. Nikamwambia Baba hii haina klachi. Akanyamaza.

Tukatoka mjini vizuri mpaka ule mteremko wa kuingia Mikindani, pale ambapo ghafla ghuba inafunguka mbele yako na minazi na barabara inaanza kufuata maji. Mimi niko D, mguu kwenye breki, gari inashuka inajiachia. Baba akauliza, "Mama, uko gia gani?" Nikasema D, Baba. Akasema, "D siyo gia. Shusha uingie ya tatu, na ushushe kabla ya kona, usishushe ndani ya kona."

Nikasogeza leva M. Nikavuta kibawa cha kushoto, tena, tena. Naomba nieleze hili vizuri maana ndio lililonifanya niandike haya yote. Kila ukivuta, injini yenyewe inajipa mafuta kidogo, vuup, mizunguko inapanda, halafu gia inaingia imeshalingana, hamna kule kurushwa mbele ambako nilikuwa nakutegemea. Namba ikasimama kwenye 3. Na gari ikashikwa. Sijui niseme vipi, kama mtu amekamata shati lako kwa nyuma kwa upole. Mguu wangu ulikuwa umetoka kwenye mafuta na umetoka kwenye breki, na gari inashuka mwendo ule ule ninaoutaka, inaingia kona imetulia, natoka kona nakanyaga kidogo tu na nguvu iko pale pale haina kufikiri.

Baba akageuka. "Nani amekanyaga mafuta hapo?" Nikamwambia sio mimi Baba, ni gia boksi yenyewe ikishusha gia inapandisha injini ili zilingane. Akasema rudia. Tulipovuka Mikindani tukakuta pengine penye mteremko nikarudia. Akasikiliza kwa sikio, mkono umeshika dashibodi. Akaniambia kwamba hicho ndicho walichokuwa wanakifanya kwa miguu kwenye malori yale ya zamani, klachi mara mbili, unakanyaga klachi unatoa gia, unaachia, unagusa mafuta injini ipande, unakanyaga tena klachi ndio unaingiza gia ya chini, ukikosea inasaga meno na tajiri anasikia toka gereji. Alichukua miezi kuijua. Akawa anaangalia vile vibawa mpaka tunafika Mingoyo.

Kwa hiyo kosa la wale wanaosema oto sio gari ya spoti liko hapa. Wao wanadhani raha ya manyuo iko kwenye klachi, kwenye ule mguu. Mimi baada ya wiki tatu nasema raha iko kwenye kuchagua gia mapema na ile gia kubaki pale ulipoiweka. D inachagua baada ya jambo kutokea, inasubiri ukanyage ndio ijue unataka nini, haioni lori, haioni kona, haioni mbuzi anayetaka kuvuka pale mbele. Wewe unaona. M inakuruhusu kutumia macho yako. Basi. Kasi haiongezi hata kidogo, na kwa namba za Toyota wenyewe kule Ulaya hii oto inafika 100 toka kusimama kwa sekunde 8.2 wakati ya manyuo ni 7.6, kwa hiyo anayetaka kushindana taa za barabarani achukue manyuo na mimi sina ugomvi naye.

Mfano wa kila siku ambao watu wa huku mtanielewa ni vijiji. Toka Mtwara mpaka Lindi ni kilomita 100 na kidogo na kila baada ya muda unakutana na kibao cha 50, na mnajua tochi inakaa wapi na faini ni 30,000. Kwenye D ukiingia 50 gari inakuwa na hamu, mteremko kidogo tu iko 57, unakanyaga breki, unaachia, inapanda tena, unaendesha unaangalia spidi badala ya kuangalia watoto waliotoka shule. Ukiweka M gia ya 3, spidi 50 injini iko kama 2,400, ukigusa mafuta inakwenda ukiachia inarudi yenyewe, taa za breki haziwaki waki na aliye nyuma yako hachanganyikiwi. Nilipita vijiji vyote hivyo kwa mguu mmoja uliotulia. Hii peke yake kwangu imetosha kuipenda.

Ya pili ni kuovateki. Hii barabara sasa hivi ina malori kuliko zamani, kuna ya saruji ya Dangote, kuna ya makaa ya mawe yanatoka Ruvuma kupitia Masasi kuja bandarini Mtwara, na msimu wa korosho ukifika ndio usiseme. Lori linakwenda 60, wewe uko nyuma. Na hapa nataka niseme tabia moja ya hii injini ambayo inajulikana duniani kote na muuzaji hatokwambia: kati ya mizunguko 3,500 na 4,500 inasinzia. Chini ya hapo ina nguvu yake, juu ya hapo inaamka vizuri sana, hapo katikati kuna shimo. Sasa piga hesabu. Ukiwa 60 gia ya 3 injini iko kama 2,900, ukikanyaga inapanda kidogo inaingia moja kwa moja kwenye lile shimo wakati wewe ndio umeshatoka upande wa pili. Ukishusha gia ya 2 kwa spidi hiyo hiyo ya 60 injini iko kama 4,300, unakaribia kulivuka lile shimo, unakanyaga na gari inaondoka kweli mpaka unarudi kushoto una nafasi ya kutosha. Ukiwa 80 na gia ya 3 uko kama 3,900, katikati ya usingizi kabisa. Mimi hili lilinichukua wiki nzima kulielewa, nilikuwa nashusha gia moja tu kwa woga nalaumu gari, kumbe ilitakiwa mbili.

Na ushushe ukiwa bado nyuma ya lori, uangalie, kama hapafai unapandisha gia unakaa. Usitoke kwanza ndio ukaanza kuvuta vibawa.

Kuna mara moja nilivuta kibawa cha kushoto mwendo ukiwa mkubwa gari ikakataa, ikalia pii pii, gia ikabaki ile ile. Nilishtuka nikadhani kuna kitu kimeharibika. Kumbe ni ulinzi, kama gia unayoiomba itapeleka injini kwenye mizunguko isiyotakiwa inakukatalia na kukupigia kengele mbili. Kwenye manyuo ukikosea hivyo hamna wa kukukatalia, unasikia bei ya injini. Na ukisahau kushusha kabisa ukasimama kwenye makutano yenyewe inashuka mpaka ya chini, haizimi.

Ukiwa D pia unaweza kuvuta kibawa bila kugusa leva, inakupa gia uliyoomba kwa muda halafu inarudi D yenyewe. Nilitumia sana mjini. Kuna na kitufe cha SPORT kinafanya D iwe na haraka na ishike gia za chini muda mrefu, mimi nilikiwasha mara mbili nikakizima. Cha SNOW nilikitumia siku ya mvua barabara ya udongo nyuma ya nyumba, kinapunguza makali wakati wa kuondoka ili tairi zisizunguke bure, na kwa gari inayosukuma nyuma kwenye ule utelezi wetu kinasaidia sana.

Niseme pia isivyo, maana watu wanachanganya. Hii gia boksi ni oto ya kawaida ya torki konveta, kati ya injini na gia kuna oili inayopeleka nguvu, hamna klachi mbili kama za Nissan GT-R au Porsche zenye PDK. Zile zinabadilisha gia kabla hujamaliza kuvuta kibawa. Hii inachelewa kidogo ukilinganisha, ila ukishaingia gia inafunga, huisikii ile hali ya kuteleza kwa oto za zamani. Wazo lenyewe la kumpa dereva wa oto nafasi ya kuchagua gia sio jipya, Porsche walikuwa na Tiptronic kwenye 911 ya 1990. Na ukienda kununua gari yoyote yenye vibawa jaribu kwanza, kuna Toyota nyingi zenye S badala ya M na ile namba unayoiona, tuseme 4, haimaanishi uko gia ya 4, inamaanisha umeiambia isipite ya 4, humo chini inajiamulia yenyewe. Na za CVT, zile oto za mkanda, hazina gia kabisa, zinaigiza. Mtu ananunua ya CVT anavuta vibawa anasema haoni tofauti, halafu anahukumu zote.

Haya, kuishi nayo huku kwetu.

Iko chini. Chini ya gari ni kama sentimita 13 tu kutoka ardhini, na matuta ya huku hayana kipimo, kila kijiji na tuta lake. Shemeji alisema kweli, unaliendea kiupande, tairi moja kwanza, karibu kusimama. Kwenye rasta zile ndogo ndogo meno yanagongana maana spiringi ni ngumu na tairi ni 215/45 za inchi 17, mpira mwembamba. Mashimo ndiyo yalininyima raha, kuna vipande malori yameumiza lami hasa ukikaribia Mnazi Mmoja, na usiku nisingeshauri kabisa. Nje ya lami usiende nayo. Nilitamani kwenda Newala nikaacha, kwa ile sehemu ambayo ilikuwa haina lami ingekuwa kuitesa gari ya watu.

Usukani wake sasa. Nimeendesha gari nyingi za kazini na za ndugu, sijawahi kushika usukani unaokuambia barabara ikoje kama huu. Mchanga ukiwa umemwagika kwenye kona, na Mtwara mchanga haukosekani, unausikia kwenye viganja kabla hujauona. Injini imelala chini, mtu umekaa chini, gari haiinamii upande kwenye kona kama IST yangu. Kuna na bomba limewekwa makusudi kuleta sauti ya injini ndani, ukivuka 5,000 unaisikia vizuri, sauti kavu kidogo, sio ile ya Subaru tabo mliyoizoea. Sijawahi kuifikisha kwenye nyekundu ya geji ya mizunguko na sikuona sababu.

Viti vya nyuma ni vya watoto na mabegi. Mama mkwe wa mdogo wangu alitaka lifti nikamwomba radhi kwa heshima zote nikamwitia bajaji nikalipa mimi, sikuweza kumkunja mle. Ila ukilaza kiti cha nyuma buti inakuwa kubwa kuliko unavyodhani, Toyota waliipangia ibebe tairi nne za kubadilisha, mimi nilirudi na magunia ya nazi na ndoo ya samaki toka Lindi na vikaingia. (Ndoo ifungeni vizuri.)

Mafuta, kwa uendeshaji wangu wa D na M nusu kwa nusu ilikuwa inanipa kama kilomita 11 kwa lita, tangi ni lita 50. Injini yake inabana sana hewa na mafuta ndani ya silinda, 12.5 kwa 1, inataka petroli nzuri, kwa hiyo nilikuwa najaza kituo kimoja tu chenye wateja wengi ambako mafuta hayakai.

Matengenezo ndipo nilipopata kisirani. Nilipeleka gereji moja hapa mjini kwa ajili ya kifuniko cha chini kilicholegea baada ya tuta, fundi akaangalia oili ya gia boksi akasema imechoka, sawa, akaja na galoni ya oili nyekundu ya oto yoyote ile akataka kumimina. Nikauliza ni ATF gani, yaani oili ya gia boksi ya oto ya aina gani. Akasema dada oili za oto zote moja. Hapana, hii inatumia ATF WS, nilimpigia shemeji na kitabu cha gari kiko mle ndani kinasema hivyo hivyo. Tulibishana, nikalipia kifuniko nikaondoka na gari yangu. Naomba sana wenye oto msikubali hili, ile torki konveta inafanya kazi kwa oili na inazalisha joto, na wewe unayetumia M kushikilia gia milimani ndio unaiongezea joto, ukiweka oili isiyo yake gia zinaanza kupiga teke halafu mnasema oto mbovu. Wengine wanakwambia oili ya gia boksi ni ya maisha, sijui maisha ya nani, kwa joto letu hili mimi ningebadilisha mapema. Injini yenyewe inataka oili ya 0W-20. Na plagi, kwa kuwa silinda zimelala pembeni, kuzifikia ni kazi, mtu akikwambia ni dakika kumi hajawahi kuzifungua.

Anayetaka kununua aangalie mwaka. Za 2012 na 2013 Toyota na Subaru waliziita zirudi gereji mwaka 2018 kubadilishwa spiringi za valvu, ukipata ya miaka hiyo dai karatasi ya kuonyesha kwamba kazi ilifanyika na nani aliifanya, maana ni kazi ya kushusha injini na ikifanywa hovyo ni balaa jingine. Ukienda kuijaribu washa ikiwa baridi, weka M, panda mpaka ya 4 taratibu, halafu shusha 3, 2, usikilize. Kila kushuka lazima usikie ile vuup na gia iingie laini. Ikigonga, iache hapo hapo. Zima kiyoyozi na redio ufanye hivyo, muuzaji akiongea sana mwombe akusubiri nje.

Shemeji alirudi wiki iliyopita akaichukua. Baba alikuja kumuaga, akamuuliza kama anajua kushusha gia kabla ya kona, shemeji akasema Baba mimi naiweka D tu inajiendesha. Wakakaa pale kibarazani karibu saa nzima Baba anamweleza, anamwonyesha kwa mikono, na mimi nikaongezea ile habari ya 60 na gia ya 2.

Mimi naitafuta ya kwangu. Nataka ya 2014 kuendelea, oto, iwe na vibawa, isiwe imechezewa eksozi wala kushushwa spiringi, na gia boksi iwe imetunzwa. Rangi yoyote isipokuwa nyeupe, kwa vumbi letu jekundu hili sitaosha gari kila siku.